Ploti ya Wazee

Ukipita Kyuso ukielekea Tseikuru, nchi inazidi kukauka na miti inazidi kuwa mifupi, isipokuwa mibuyu. Huku, katika pembe ya kaskazini ya Kitui inayopakana na Mto Tana, nyumba za mawe zimeongezeka. Unaziona kutoka mbali kwa mabati yake ya rangi: vyumba vinne, madirisha mapana ya vioo, grili, baraza yenye nguzo. Nyingi zimejengwa na watoto walio Nairobi au Mombasa kwa ajili ya wazazi, na nyingine zimejengwa na wenyewe kwa mkupuo wa pensheni. Piga hodi mlango wa mbele. Mara nyingi hakuna atakayeitika. Zunguka nyuma, kwenye jiko la zamani la udongo, na huko utamkuta mama mwenye nyumba ameketi kwenye kigoda akichambua ndengu. Hapo ndipo anapopika na kupokea wageni, na akikuzoea atakwambia kwamba ndipo anapolala pia. Nyumba kubwa inashika joto la mchana kutwa, vigae vyake vinateleza, na usiku kimya chake kinamtisha. Mtoto akipiga simu kuuliza, "Mwaitu, umeshaingia nyumba mpya?" hujibiwa, "Nimeingia, mwanangu, Mungu akubariki," na mazungumzo yanahamia kwenye mvua.

Nyumba hizo zimejengwa kwa upendo, na fedha zilizoingia humo si haba. Ndiyo maana inaniuma kuziona zimegeuka ghala la viti vya plastiki na picha za mahafali. Aliyezijenga alifikiria heshima ya mzazi, akasahau siku ya mzazi: anaamka saa ngapi, maji anayatoa wapi, anaongea na nani, akianguka bafuni ni nani atakayesikia. Swali la sura hii ni hilo tu. Mtu aliyestaafu, mwenye nguvu zake bado, ajenge nini na ajenge wapi? Msimamo wangu nautoa mapema. Mzee wa Tseikuru angeishi vizuri zaidi katika nyumba ndogo inayogusana ukuta na ya mwenzake, karibu na soko, ikiwa na nafasi ya mjukuu ndani, kuliko katika jumba la peke yake katikati ya shamba.

Wazo la kuwakusanya wastaafu mahali pamoja si letu, na afadhali tujue lilikotoka. Mwaka 1954 kilianzishwa karibu na jiji la Phoenix, katika jimbo la Arizona, Marekani, kitongoji kilichoitwa Youngtown, kwa ajili ya watu waliokwisha kuacha kazi. Januari 1, 1960, mkandarasi Del Webb akafungua jirani yake mji mzima, Sun City. Watu wapatao 100,000 walifika kuutazama katika siku chache za mwanzo. Kilichowavuta ni jambo ambalo wajenzi wa kwetu wangefaa kuliiga: Webb hakuanza na nyumba. Alitangulia kujenga maduka, uwanja wa gofu na ukumbi wa burudani, kisha akamwambia mteja, njoo uone maisha yenyewe kabla hujalipa. Mstaafu wa Marekani, ambaye mpaka wakati ule alitarajiwa kukaa barazani akisubiri siku zake, akapewa ratiba: kuogelea asubuhi, ufundi wa mbao mchana, karata jioni. Mitaa ya aina hiyo sasa imeenea Marekani nzima, na mingi ina nyumba zilizoungana ubavu kwa ubavu, ili mtu asihangaike na bustani kubwa wala kupanda juu ya paa. Anatoa ada ya mwezi, na mengine yote yanashughulikiwa na chama cha wakazi.

Kuna mengi mazuri hapo. Lakini kuna sharti moja ambalo, kwa mtu wa huku kwetu Ukambani, linaharibu yote: watoto hawaruhusiwi kuishi humo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 inaruhusu mtaa kuwakataa wakazi wenye watoto wadogo mradi angalau asilimia 80 ya nyumba ziwe na mkazi mmoja aliyefikisha miaka 55. Mjukuu anakaribishwa kutembea, akae siku zake, kisha aondoke. Youngtown yenyewe ndiyo iliyokwama kwenye sharti hilo. Miaka ya 1990 babu na bibi mmoja walimpokea mjukuu wao kijana aliyekuwa amekimbia mateso nyumbani kwake. Kitongoji kikadai kijana aondoke. Shauri likafika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, ikabainika kwamba kanuni ile ya umri haikuwa na nguvu ya kisheria, na mwaka 1998 Youngtown ikaacha kuwa mji wa wazee peke yao. Mji wa kwanza wa wastaafu ukafunguliwa mlango na mjukuu asiye na pa kulala.

Sasa turudi Kitui, maana katika kaunti hii kuna kijiji kilichojengwa kwa sharti la kinyume kabisa. Kijiji cha Nyumbani kiko Kwa Vonza, upande wa magharibi wa kaunti, mbali na Tseikuru. Mwanzilishi wake, Padre Angelo D'Agostino, alikuwa Mjesuiti kutoka Marekani na daktari. Mwaka 1992 yeye na Sista Mary Owens walianzisha Nairobi makao ya watoto wenye virusi vya UKIMWI, wakati ambapo watoto hao walitupwa hospitalini na shule ziliwafungia milango. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa. Kufikia hapo jambo lilikuwa dhahiri vijijini: kizazi cha katikati kilikuwa kinazikwa, na waliobaki walikuwa wa juu na wa chini, bibi wa miaka 65 na wajukuu sita, saba, wanane, katika shamba lisilolimika. Halmashauri ya Kitui ya wakati huo ilitoa ekari 1,000. Familia za kwanza zilihamia mwaka 2006, na Padre akafariki Novemba mwaka huohuo, akiwa ameshaona moshi wa majiko ya kwanza.

Mpango wa kijiji ni rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Nyumba moja inapewa mzee mmoja, mara nyingi bibi, anayeitwa susu kama Wakamba wote wanavyomwita nyanya yao, mara chache babu. Pamoja naye wanaingia watoto wapatao kumi: wajukuu zake mwenyewe alio nao, na wengine waliofiwa wasio na mtu. Lengo lilikuwa nyumba 100, wazee 100 na watoto 1,000. Nyumba zimepangwa kwa mafungu ya nne nne, hivi kwamba susu mmoja akiugua, watatu wengine wako umbali wa kuitana. Kuna shule ya msingi, sekondari, chuo cha ufundi na zahanati, vyote vya kufika kwa miguu. Kuna bustani za mboga karibu na milango. Na kuna maelfu ya miti ya mukau, mti wetu wa mbao ngumu unaovumilia kiangazi, iliyopandwa ili siku moja kijiji kijilipie gharama zake bila kusubiri wafadhili.

Nataka tukae kidogo na siku ya susu. Anaamka kabla ya jua kuwapikia uji watoto wa shule. Wakishaondoka anamwagilia sukuma wiki, anakwenda kwa jirani, wanaketi kivulini na nyuzi za mkonge mapajani, wanasuka vyondo ambavyo vinauzwa hata nje ya nchi. Mchana anarudi kwenye sufuria ya muthokoi iliyokuwa ikichemka taratibu. Jioni anasikiliza kesi za nani kampiga nani, anakagua daftari asiloweza kulisoma kwa kuuangalia uso wa mwenye daftari, na usiku anasimulia hadithi za fisi na sungura kwa Kikamba ambacho watoto wa mjini wamekisahau. Hakuna ukumbi wa burudani, wala hana haja nao. Wanaouliza jinsi ya kumfanya mzee awe mchangamfu huwa wanafikiria mazoezi ya viungo. Susu ana mazoezi tangu alfajiri, na zaidi ya mazoezi ana sababu ya kuamka.

Sisemi kwamba kijiji kile kinafaa kila mzee. Kilizaliwa na msiba, na kulea watoto kumi katika umri wa miaka 70 ni kazi inayochosha hata ukisaidiwa. Nyumba si mali ya susu, na mtoto akihitimu huondoka. Mwalimu mkuu mstaafu wa Tseikuru hataomba nafasi humo na hapaswi kuomba. Ninachokichukua kutoka Kwa Vonza ni umbo lake: nyumba ndogo, jirani wa kuitika, maji na zahanati karibu, mtoto ndani. Vitu hivyo vinne havihitaji padre wala mfadhili kutoka ng'ambo. Mtu anaweza kuvijenga Tseikuru sokoni kwa jina ambalo kila fundi pale analijua: ploti.

Ploti ni safu ya vyumba vilivyoungana kuta, mlango mmoja mmoja ukitazama ua. Kila kituo cha biashara Kenya kina ploti. Mstaafu mwerevu hujenga ploti sokoni, akawapangisha walimu na wauguzi, kisha yeye mwenyewe akarudi shambani kuishi peke yake. Yaani pale penye maji ya bomba, duka la dawa, wakala wa M-Pesa, kanisa, msikiti na watu, amewaachia vijana wa miaka 25 wenye miguu ya kwenda popote. Yeye mwenye goti bovu amejipeleka mahali ambapo bodaboda ndiyo njia ya pekee ya kufika hospitali. Nimejaribu kuielewa hesabu hiyo na siielewi.

Ninajua jibu litakalokuja: ploti ni joto, ni kelele, ni choo cha foleni. Ni kweli, kwa ploti zilivyojengwa sasa. Lakini makosa hayo ni ya ramani, na ramani inarekebishika. Tuanze na joto, maana Tseikuru bila kulishinda joto hakuna lingine la kuzungumza.

Tseikuru iko kusini kidogo tu ya ikweta. Jua linapita karibu na utosi, hivyo kuta za kaskazini na kusini hufunikwa na kivuli cha paa sehemu kubwa ya mchana, mradi paa liwe limetokeza vya kutosha. Ukuta unaoumia ni wa mashariki asubuhi, na zaidi ule wa magharibi, unaolipokea jua la saa tisa na saa kumi wakati hewa tayari imepata moto. Jenga nyumba nne zilizotawanyika, kila moja na pande zake nne, na una kuta 16 zinazopigwa na hewa ya nje, nne kati yake zikitazama magharibi. Zipange nyumba hizohizo katika safu moja inayolala kutoka mashariki hadi magharibi, na unahitaji kuta 13, ambazo tatu ziko katikati, kati ya jirani na jirani, haziguswi na jua milele. Ukuta wa magharibi unabaki mmoja. Huo upandie mti, au uegeshee ghala na matangi. Umeokoa matofali, saruji na malipo ya fundi, na nyumba tatu kati ya nne hazilijui tena jua la alasiri.

Matofali yenyewe yawe ya udongo wa palepale, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi kwa kuni, kwa hiyo hakuna mwitu unaokatwa, na ukuta wake mnene unachelewa kupata joto na unachelewa kulitoa. Chini ya mabati pawe na dari, na pembeni matundu ya kutolea hewa ya moto. Mama yule anayelala kwenye jiko la udongo alikuwa anatuambia hayo yote bila kutumia neno hata moja la uhandisi.

Maji ni hesabu nyingine. Chukua paa la mita za mraba 60 na mwaka wa mvua ya milimita 500. Hiyo ni lita 30,000. Toa moja ya tano kwa inayoruka na kuvuja, zinabaki 24,000. Mzee mmoja anayetumia mitungi miwili ya lita 20 kwa siku angekaa nayo mwaka mzima na zaidi. Nyumba nne zikiunganisha mifereji yao kwenye matangi ya pamoja zinapata karibu lita 96,000, za kuwatosha wazee wanne, wajukuu wao na mbuzi wachache. Nyumba zilizotawanyika zinaweza pia kuvuna maji, lakini kila moja inalipia tangi lake, bomba lake na fundi wake, na mwenye uwezo mdogo ananunua tangi dogo linalofurika Novemba na kukauka Januari. Tseikuru hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Asiye na pa kuzihifadhi wiki zile chache atasukuma punda kwenda kisimani miezi iliyobaki.

Mengine nayapitia haraka. Kusiwe na ngazi hata moja. Palipoinuka pawekwe mteremko usiopanda zaidi ya sentimita moja kwa kila 12 za urefu wake. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, ili kiti cha magurudumu kipite kikihitajika. Sakafu iwe ya saruji iliyochanwa kidogo, si vigae. Choo kiwe ndani au mlango wa pili, chenye taa na chuma cha kushikilia, kwa sababu safari ya saa nane usiku kwenda choo cha shimo nyuma ya boma imewavunja nyonga wazee wengi. Baraza iwe ndefu, ipite mbele ya milango yote minne bila kukatwa na ukuta. Na kila nyumba iwe na chumba cha pili, kidogo, cha mjukuu anayesoma shule ya karibu.

Chumba hicho ndicho moyo wa mpango wangu, na ningeacha dari kabla ya kukiacha. Wazazi wengi wa Tseikuru wanafanya kazi mbali. Watoto wao wanatembea kilomita nyingi kwenda shule, au wanalala bweni wakiwa wadogo mno. Mtoto wa darasa la nne anayelala kwa nyanya yake hatua chache kutoka shuleni anapata chakula cha moto na usingizi. Nyanya anapata macho ya kusoma karatasi ya hospitali, vidole vya kubonyeza simu, na mtu wa kugonga ukuta wa jirani usiku. Wote wawili wana haja, na hakuna anayemfadhili mwenzake.

Zamani mzee wa Kikamba alikuwa na thome, mahali pa moto mbele ya boma ambapo wanaume walikaa jioni, wakaamua kesi na kufundisha vijana. Wanawake walikuwa na mwethya, kikundi cha kusaidiana kulima, kujenga, kuchimba visima. Mwethya upo bado, na mabwawa mengi ya mchanga katika mito ya msimu ya Kitui yamejengwa kwa mikono ya vikundi kama hivyo. Lakini mzee anayeishi mbali anauacha kidogo kidogo. Anakosa mkutano mmoja kwa sababu ya nauli, wa pili kwa sababu ya goti, na wa tatu hapelekewi habari. Hakufukuzwa na mtu, ila jina lake halisomwi tena. Baraza ndefu ya ploti ingelirudisha kwenye orodha.

Na kazi ingalipo. Mwingi, yaani eneo hili la kaskazini mwa Kitui, inajulikana kwa asali, na mzee wa hapa aliyekuwa mrina asali ana elimu ambayo haipo kitabuni: anajua mgunga gani unachanua lini, na nyuki watahama wiki gani. Kilichomzuia ni mti. Mzinga wa gogo hutundikwa juu, na hakuna wa kumwachia mzee wa miaka 70 apande usiku na moshi mkononi. Mzinga wa Kenya wa fito za juu, uliobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, unaning'inizwa usawa wa kiuno. Taasisi ya wadudu ya ICIPE ilikuja baadaye Mwingi kuwaunganisha warina asali na soko na kuwasaidia kusafisha na kufungasha. Kwa mzinga wa chini, bibi ambaye katika ujana wake alikatazwa hata kuukaribia anaweza kuwa na mizinga yake sita nje kidogo ya soko. Ndengu, mbuzi wachache wa maziwa, vyondo, miche ya mukau: hizo ni kazi za mtu wa miaka 60 hadi 80 anayejipimia saa zake. Shamba halimtoroki, kijana analilima na mzee anakwenda kulikagua mara moja kwa wiki. Na kuishi karibu na watu kuna faida nyingine isiyosemwa wazi, ya usalama: katika ukame, wafugaji wenye ngamia wanapovuka kuja upande huu kutafuta malisho na mivutano inazuka, mtu wa kwanza kuhatarika ni mzee aliye peke yake pembezoni.

Fedha zitoke wapi? Hapa nchi yetu imeandika mengi na kujenga kidogo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika jamii, kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na Serikali. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 waliofikisha miaka 60, katika watu milioni 47.6. Tangu 2018, mpango wa Serikali wa Inua Jamii unamlenga kila mwenye miaka 70 na zaidi kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar nayo ilianza pensheni jamii kwa wa umri huohuo Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 za Tanzania, na Unguja ina makazi ya wazee ya Sebleni na Welezo kwa wasio na wa kuwatunza. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya masista pale Kasarani, na kanisa la PCEA lina makao Thogoto. Kazi hizo naziheshimu sana. Lakini zinamhudumia mzee aliyekwisha kukwama. Kwa yule wa miaka 62 ambaye bado anachagua, hakuna kitu kati ya makao ya msaada na nyumba za kifahari za lango moja zinazotangazwa magazetini.

Mwaka 2020 ulileta mambo mawili ambayo wastaafu wa vijijini hawajayatumia. La kwanza, mwanachama wa mfuko wa pensheni aliruhusiwa kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isizidi shilingi milioni 7, kununulia nyumba ya kuishi. Mwalimu wa Tseikuru anasoma kanuni hiyo na kuangalia huku na huku: nani anamuuzia nyumba hapa? La pili ni Sheria ya Mali za Vitengo, inayomwezesha mtu kupata hati ya sehemu yake ndani ya jengo la pamoja, huku wamiliki wakiunda shirika la kusimamia ua, matangi na paa. Sheria hiyo inafikiriwa kuwa ya magorofa ya Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi. Hakuna kinachozuia safu ya nyumba nne Tseikuru, kwenye ardhi yenye hati, isiitumie. Walimu wanne wanaostaafu mwaka mmoja, wenye sacco moja, wanaweza kuwa muuzaji na mnunuzi wa nyumba zao wenyewe, na wakifuata utaratibu wa Webb wataanza na matangi na baraza, nyumba baadaye.

Pingamizi kubwa halihusu fedha. Mzee akikuamini atakwambia: mtu mzima hakai ploti, ploti ni ya wapangaji, na mimi nina shamba la baba yangu. Nyuma ya maneno hayo kuna kaburi. Mkamba huzikwa kwao, na anaogopa kwamba akihama shamba akiwa hai, watoto watalikata vipande, na siku yake ikifika atakosa hata mahali pa kulazwa. Hofu hiyo ni ya kweli, nimeisikia kwa watu wenye busara, na mpango wowote unaoipuuza utaanguka. Kwa hiyo iandikwe mapema, mbele ya chifu na wazee wa ukoo, wakati mwenyewe ana sauti: shamba haliuzwi eti kwa sababu mwenye shamba analala sokoni, na mahali pa kaburi lake pamepimwa na panajulikana. Nyumba ya safu nayo iwe na masharti yake. Mwenyewe akifariki, mwenzi wake anabaki. Wote wawili wakiondoka, warithi wanalipwa thamani ya nyumba na wamiliki waliobaki, na nyumba inaingia mzee mwingine. Mjukuu aliyekuwa akilala chumba cha pili asihamishwe mpaka amalize darasa alilomo.